Maswali yenu kuhusu chanjo ya minyoo: protini ipi ndo yenyewe?

Kila nikigusia minyoo lazima atokee mtu aulize mbona hamna chanjo, afu anafuata mwingine anasema aliskia ipo ila imefichwa, afu wa tatu anataka kujua hizo protini wanazozitaja watafiti ni kitu gani hasa. Leo nayajibu yote kwa pamoja. Maswali marefu nimeyakata kidogo, mnisamehe.

Surua ina chanjo, polio ina chanjo, juzijuzi hata malaria imepata. Minyoo wapo tangu enzi za Firauni na bado tunameza vidonge tu. Tatizo liko wapi?

Hapo kwa Firauni umesema kama utani ila ni kweli tupu, mayai ya kichocho yalishakutwa kwenye maiti zilizokaushwa za Misri na ripoti yake ilitoka 1910. Sasa tatizo. Kirusi cha surua kina jeni 6 tu. Kichocho cha tumbo, ramani yake ya jeni ilipotoka mwaka 2009, ilihesabiwa jeni 11,809. Yaani huyu si kirusi wala bakteria, huyu ni mnyama kamili, ana misuli, ana neva, ana utumbo, ana dume na jike, na anaishi ndani ya mishipa yako ya damu miaka 3 mpaka 10, wengine wamekutwa wameishi miongo kadhaa. Chembe nyeupe ya damu inaweza kummeza bakteria, ila mnyoo wa sentimita moja haumezeki, kwahiyo mwili inabidi umshambulie kwa nje, na nje ndo ameshajipanga vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote.

Afu kuna hili ambalo mi naona ndo kubwa zaidi. Ukiugua surua mara moja ukapona, basi, hutaugua tena, kwahiyo aliyetengeneza chanjo ya surua alikuwa anaiga kitu ambacho mwili unakiweza tayari. Kwa minyoo hamna cha kuiga kirahisi, mtoto anatibiwa leo, miezi michache baadaye anao tena. Kidogo kilichopo cha kuiga ni kama wale waosha magari wa Kisumu wanaosimama kwenye maji ya Ziwa Victoria kutwa nzima, utafiti wao ulitoka 2002, wakatibiwa kichocho, wakaambukizwa tena, wakatibiwa tena, na baadhi yao kadri walivyozidi kutibiwa ndivyo walivyozidi kuchukua muda mrefu kuambukizwa upya ingawa kazi yao haikubadilika na maji ni yaleyale. Maelezo yanayokubalika ni kwamba dawa ikimuua mnyoo, anapasuka na kumwaga protini ambazo akiwa hai anazificha, ndo mwili unaziona kwa mara ya kwanza vizuri. Kumbukeni hiyo hoja ya kufichwa, tutaihitaji huko chini.

Na malaria msiione kama ilikuja haraka. Kazi ya chanjo ya RTS,S ilianza miaka ya 1980, WHO imekuja kuipendekeza Oktoba 2021, na yule ni kimelea cha chembe moja tu.

Mnaposema "protini ya mnyoo" mnamaanisha nini hasa? Wanamkamua? Na wanajuaje hii ndo ya kutengenezea chanjo na si ile? (nauliza kama mwalimu wa bailojia, wanafunzi wananisumbua)

Mwalimu, hili swali ndo moyo wa jambo lote kwahiyo nitalichukua polepole.

Mnyoo ana maelfu ya protini. Kwa chanjo huhitaji zote, unatafuta moja au mbili ambazo ukiufundisha mwili kuzitambua, mnyoo anakufa au anadumaa au anashindwa kutaga. Zipo za aina tatu hivi ukizipanga kwa mahali zinapokaa: za kwenye ngozi yake, za kwenye utumbo wake, na zile anazozitema nje kwenye mwili wa mtu.

Za ngozi, mfano mzuri ni Sm-TSP-2 ya kichocho. Ngozi ya kichocho si kama yetu, ni utando hai unaojijenga upya muda wote, na juu yake anajipaka vitu vya mwenye mwili mpaka alama za kundi lako la damu, ni mwizi aliyevaa sare ya mlinzi. TSP-2 ni moja ya protini zinazoushikilia huo utando. Kilichowavutia watafiti ni kwamba huko Brazil kuna watu wanaishi kwenye kichocho miaka na hawaugui, na walipopimwa damu wakakutwa na kingamwili (protini za ulinzi ambazo mwili unazitengeneza kumkamata adui) dhidi ya TSP-2, wakati wagonjwa sugu wa maeneo hayohayo hawakuwa nazo. Maabara walipoizima hiyo jeni ngozi ya mnyoo ikawa nyembamba na imejaa mapovu. Ushahidi wa pande mbili, mtu anayepona anaishambulia na mnyoo akiikosa anaharibika. Ndo vigezo mi navipenda.

Nyingine ya kichocho ni Sm-p80, kimeng'enya (protini inayofanya kazi ya kukata au kubadilisha vitu vingine) kinachosaidia hiyo kazi ya kuujenga upya utando wa ngozi, hii inasukumwa na timu ya Afzal Siddiqui kule chuo kikuu cha Texas Tech, Marekani, na kwa nyani iliwapunguza minyoo majike kwa zaidi ya asilimia 90. Ya tatu ni Sm14 ya Miriam Tendler wa taasisi ya utafiti ya Fiocruz, Brazil. Sm14 inabeba mafuta. Kichocho hawezi kutengeneza mafuta yake mwenyewe, anategemea ya kwako, na hiyo protini ndo mpagazi wake.

Za utumbo nenda kwa safura. Safura anakunywa damu, si ndio, na damu ina himoglobini, na himoglobini ukiivunja inabaki himu ambayo ni sumu hata kwake yeye. Kwahiyo ana Na-APR-1, kimeng'enya kinachoanza kuikata himoglobini, na ana Na-GST-1 inayomwondolea ile sumu. Mpango wa chanjo ni kwamba mtu anakuwa na kingamwili kwenye damu, mnyoo anakunywa damu, anazinywa na kingamwili humohumo, zinakwenda kuziba hizo protini tumboni mwake. Ashindwe kula au chakula kimtie sumu. Nikikwambia mi nilipolielewa hili mara ya kwanza nilicheka peke yangu.

Kukamua sasa. Zamani walikuwa wanasaga minyoo kweli. Siku hizi wanachukua jeni ya hiyo protini moja, wanaiweka kwenye hamira na hamira inaitengeneza kwa wingi, Na-GST-1 na Sm14 zinatoka hivyo. Na-APR-1 ilikataa hamira ikabidi itengenezwe kwenye mmea wa jamii ya tumbaku, na waliigeuza kidogo ili isiendelee kukata kitu, maana hutaki kumchoma mtu kimeng'enya chenye meno. Ikishapatikana inachanganywa na kichocheo cha kinga, kitu cha kuuamsha mwili, mara nyingi chumvi ya alumini ileile ya chanjo nyingine za kawaida.

Kuhusu kujua ipi ni ipi, ukweli ni kwamba kwa miaka mingi hawakuchagua vizuri. Walichukua protini zilizo nyingi kwenye mnyoo, zinazoonekana kirahisi, zinazotengenezeka kirahisi. Katikati ya miaka ya 1990 WHO ilisimamia zijaribiwe protini 6 za kichocho kwenye maabara huru, lengo lilikuwa la chini tu, kinga ya asilimia 40, na hamna hata moja iliyofika hapo kwa uhakika. Swali sahihi halikuwa "ipi ni nyingi", lilikuwa "ipi mnyoo hawezi kuishi bila, na inafikika na kingamwili". Ramani za jeni na mbinu ya kuzima jeni moja moja ndo zimeleta mabadiliko, sasa unaweza kuzima jeni 2,000 na ushee ukaona ipi inamwangusha, kazi hiyo ilishafanyika kwa kichocho na ikachapishwa 2020.

Niliskia kuna chanjo ya safura iliwatoa watu vipele mwili mzima wakaificha. Kweli au uzushi?

Vipele kweli, kufichwa uongo, maana imechapishwa waziwazi na mtu yeyote anaisoma.

Protini ilikuwa Na-ASP-2, ya ile aina ya tatu niliyomtajia mwalimu, zinazotemwa nje. Hii kiluwiluwi cha safura anaitema akishaingia mwilini tu, kwahiyo wakaona poa, tumkamate mlangoni. Ikajaribiwa Marekani kwa watu ambao hawajawahi kuwa na safura, hamna shida, salama kabisa. Wakaipeleka Brazil kwa watu wazima wanaoishi kwenye maeneo ya safura, na hapo baadhi ya waliojitolea wakatoka vipele vya mzio mwili mzima muda mfupi baada ya kudungwa dozi ya kwanza. Jaribio likasimamishwa, matokeo yakatoka 2012.

Sababu inaeleweka vizuri. Mwili ukikutana na minyoo unatengeneza aina fulani ya kingamwili inaitwa IgE, ndo hiyohiyo inayohusika na mzio wa karanga au vumbi. Wale watu wa Brazil wameingiwa na viluwiluwi tangu utotoni, miili yao tayari ina IgE dhidi ya ASP-2, kwahiyo sindano kwao haikuwa utambulisho, ilikuwa ni kumwaga kitu ambacho mwili una mzio nacho tayari. Na hapa ndo kuna mkanganyiko mkubwa wa hii fani nzima, IgE hiyohiyo ndo inahusishwa na watu kuwa na kinga dhidi ya kichocho, kwahiyo silaha inayosaidia dhidi ya mnyoo ndo hiyo inayoweza kukuangusha ukichomwa chanjo.

Tangu hapo kila protini kabla haijaenda kwa watu wanapima kwanza damu za wakazi wa maeneo yenye minyoo kuona kama wana IgE nayo. Ikiwepo, inatupwa. GST-1 na APR-1 zilipita hapo kwa sababu ziko tumboni mwa mnyoo na mwili wa mtu hauzioni. Kwangu mi hili limebadilisha maana ya protini nzuri kuliko ugunduzi wowote wa maabara, zamani walitafuta inayouamsha mwili sana, sasa wanatafuta ambayo mwili haujawahi kukutana nayo.

Dawa za minyoo tunazogawiwa kila mwaka si ni chanjo tayari?

Hapana. Albendazoli inawatoa waliopo, haiwazuii wa kesho. Prazikwanteli nayo inaua kichocho wakubwa ila wale wachanga wanaipita. Endelea kuzimeza lakini, ndo tulichonacho.

Mi mfugaji. Daktari wa mifugo aliniambia kondoo wana chanjo ya minyoo kabisa ya kununua. Iweje kondoo apate na binadamu akose?

Shikamoo mzee wangu, na daktari wako hakukudanganya.

Ya kwanza ina umri mkubwa kuliko wengi wetu, chanjo ya minyoo wa mapafu ya ng'ombe, inauzwa tangu 1959 huko Uingereza. Ile hata haina protini iliyochaguliwa, ni viluwiluwi hai waliopigwa mionzi, wanaingia, wanaufundisha mwili, wanashindwa kukua. Kwa binadamu hamna mtu atakuruhusu kirahisi umnyweshe mtoto minyoo hai waliopigwa mionzi, na kuwazalisha inabidi uwe na mifugo walioambukizwa makusudi kila mwaka.

Ya kondoo aliyokwambia daktari nadhani ni Barbervax, ilitoka Australia 2014, asili yake ni taasisi ya Moredun ya Scotland. Inapambana na yule mnyoo anayenyonya damu kwenye tumbo la kondoo mpaka fizi zinakuwa nyeupe. Na hii ndo ushahidi mzuri kuliko wote kwamba ile mbinu ya utumboni inafanya kazi, protini zake ni za kwenye utumbo wa mnyoo, kondoo hawezi kuzijua kwa njia ya kawaida, anachanjwa, mnyoo anakunywa damu yenye kingamwili, habari yake inaishia hapo. Kiasi kinachotumika ni mikrogramu 5 tu kwa dozi, kidogo mno.

Ila sikiliza na upande wa pili. Wanaitoa kwa minyoo halisi, wanawavuna kondoo walioambukizwa na kuchuja protini, kwa sababu walipojaribu kuitengeneza kwa njia za kisasa kwenye vijidudu vya maabara haikutoa kinga. Na kwa vile mwili hauioni protini hiyo kiasili, kinga inashuka haraka, inabidi kondoo arudiwe kila wiki 6 hivi msimu wa minyoo. Kwa kondoo sawa, anakusanywa zizini. Kwa binadamu sindano kila wiki 6 hamna serikali itaiweza.

Tegu ndo wamekuwa rahisi kuliko wote. Mwaka 1989 ilichapishwa chanjo ya tegu wa kondoo iliyotengenezwa kwa protini moja tu kwenye bakteria na ilifanya kazi ajabu, afu ikafuata EG95 kwa kondoo na TSOL18 kwa nguruwe, zote za kazi ya kundi la Marshall Lightowlers wa Melbourne na wenzake. TSOL18 ilijaribiwa Cameroon pamoja na dawa na nguruwe waliochanjwa wakakutwa safi. Siri ni kwamba kiluwiluwi cha tegu akitoka tu kwenye yai anakuwa hana ulinzi kabisa, kingamwili zinamuua palepale kabla hajajificha. Kichocho na safura hawana huo udhaifu wa wazi namna hiyo. Na kumchanja nguruwe kunamkinga binadamu, maana mabuu ya tegu huyo ndo yanayoingia kwenye ubongo wa watu na kuleta kifafa, kwahiyo kwa tegu wa nguruwe kazi ya chanjo ya binadamu unaweza kuifanyia bandani.

Ile chanjo ya kichocho iliyojaribiwa Senegal iliishia wapi? Si ilifika mpaka hatua ya tatu?

Ilifika, yaani lile jaribio kubwa la mwisho kabla chanjo haijaruhusiwa, na ni ya pekee kwa minyoo ya binadamu kufika hapo. Inaitwa Bilhvax, protini yake ni Sh28GST ya kichocho cha mkojo, ilianzia kwa André Capron na wenzake huko Lille, Ufaransa. Watoto 250 wa miaka 6 mpaka 9 walitibiwa kwanza na prazikwanteli, nusu wakapewa chanjo, wakafuatiliwa. Matokeo yalitoka 2018: salama, miili ilitengeneza kingamwili nyingi tu, ila waliochanjwa hawakukaa muda mrefu zaidi bila kichocho kiasi cha kuhesabika kitakwimu.

Wenyewe waliona kingamwili zilizotoka si za aina waliyoitaka, kulikuwa na IgG4 nyingi, hiyo inajulikana kwa kuwapoza wenzake, na zile za IgG3 na IgA zilikuwa haba. Kupata kingamwili nyingi si kitu, ni za aina gani. Naona pia kwamba ilichaguliwa kipindi kile cha zamani nilichokisema kwa mwalimu, lakini hayo ni maoni yangu.

Kwanini wasitumie mRNA kama ya korona wamalize?

mRNA ni maelekezo tu, unadungwa maelekezo afu mwili wako wenyewe unaitengeneza protini, na watu wanajaribu kwenye wanyama. Faida iko wazi, unaweza kuweka protini tano kwa mpigo bila kujenga kiwanda cha kila moja. Ila kuna kamtego. Protini nyingi za minyoo zimepakwa sukari za ajabu ajabu ambazo binadamu hana, na mara nyingine mwili unaitambua sukari au umbo ambalo hiyo sukari inalishikilia. Ukitumia mRNA, protini inatengenezwa na chembe zako wewe, kwahiyo itapakwa sukari zako wewe. Ile ya kondoo iliyogoma kutengenezwa nje ya mnyoo ni onyo tosha. Kwa protini zisizotegemea sukari, sawa, twende.

Eti kweli kuna watu wanajiambukiza kichocho makusudi kwa ajili ya utafiti? Wanalipwa au wamechoka maisha?

Hahaha, wapo, na wako timamu dada yangu. Leiden, Uholanzi, watu 17 walijitolea waingizwe viluwiluwi vya kichocho kwenye ngozi, ripoti ilitoka 2020. Ujanja ni kwamba walitumia madume matupu. Ugonjwa wa kichocho hauletwi sana na mnyoo mwenyewe, unaletwa na mayai yanayokwama kwenye ini na kwenye kibofu, na dume hatagi. Baada ya wiki kadhaa wanapewa prazikwanteli. Baadhi walipata homa na uchovu kwahiyo haikuwa pikiniki, wakakubaliana kwamba viluwiluwi 20 ndo kiasi kinachofaa. Kwa safura jambo hilo lilishazoeleka muda mrefu.

Faida yake ni kubwa mno. Jaribio la kawaida linataka mamia ya watu na miaka ya kusubiri nani ataambukizwa, hapa unachanja watu wachache, unawaambukiza siku moja, unajua jibu ndani ya miezi. Protini mbovu inaondolewa mapema kabla haijala hela za majaribio makubwa, na hii fani haina hela za kuchezea.

Nimesoma kwamba minyoo wanazuia mzio na pumu. Tukiwamaliza kwa chanjo si tutajiletea shida nyingine?

Kuna ukweli ndani yake. Minyoo wanatema protini za kuupoza mwili wa mwenyeji, yule wa panya wa maabara anazo mbili maarufu, HpARI inayoikamata ishara ya hatari ya mwili iitwayo IL-33, na TGM inayojifanya ishara ya mwili ya kutuliza kinga, zote zilielezwa 2017. Na watafiti wengine wanazitaka hizo kama dawa za mzio. Lakini mtoto mwenye upungufu wa damu wa safura au ini lililovimba kwa kichocho hahitaji kuambiwa ana bahati hana pumu. Wanaotaka faida wataichukua ile protini yenyewe bila mnyoo. Na kwa watengeneza chanjo hizohizo protini za kupoza ni shabaha pia, mzibe mdomo mnyoo asiweze kuupoza mwili, ila hapo ndo tuko mwanzo kabisa.

Minyoo wa kawaida wa mviringo, na matende, na usubi, mbona hamzitaji?

Kwa sababu ziko nyuma. Ya minyoo wa mviringo bado ni ya panya na nguruwe. Ya usubi ina protini mbili zinazoaminika, Ov-103 na Ov-RAL-2, na ina hoja nzito: kuna maeneo ya Afrika ya kati watu wana mnyoo mwingine wa jicho, Loa loa, akiwa mwingi mwilini ukimeza ivermektini, ambayo ndo dawa ya usubi, unaweza kupata madhara mabaya mpaka ya ubongo, kwahiyo huko dawa ya usubi haigawiwi hovyo. Chanjo ingewasaidia sana hao.

Jibu moja tu: lini? Na nikiwa na minyoo sasa hivi chanjo itanisaidia au ni ya ambao hawajapata?

Mwaka sikutajii, anayekutajia anakuuzia kitu. Hali ilivyo: Sm14 imeshafanyiwa majaribio ya hatua ya pili Senegal kwa watu wazima na watoto wa shule, Sm-p80 imetoka Marekani ikaenda kujaribiwa Burkina Faso na Madagascar, Sm-TSP-2 imefika Uganda, na za safura zimejaribiwa Brazil na Gabon. Zote zimepita usalama mpaka hapo zilipo. Na hazihitaji kuwa kamili, hili watu hawalijui. Kirusi kimoja kikibaki kinazaana kinakuwa mamilioni, mnyoo hazaani ndani yako, anataga na mayai yanatoka nje au yanakwama, wakiingia kumi wanabaki kumi. Kwahiyo chanjo ikipunguza wanaoingia kutoka mia mpaka ishirini, au jike akashindwa kutaga, ugonjwa unashuka sana hata kama hujawa msafi asilimia mia.

Kuhusu wewe mwenye nao tayari, mpango wa wengi ni dawa kwanza chanjo baadaye, kama walivyofanya Senegal, dawa inasafisha na chanjo inachelewesha wapya. Isipokuwa Sm-p80 ina kituko chake: nyani waliokuwa na kichocho sugu tayari walipochanjwa, baadhi ya minyoo wakubwa waliokwisha kukaa mwilini wakafa. Hiyo ilichapishwa 2014 na kwa binadamu bado haijaonyeshwa, kwahiyo kama unao sasa hivi nenda kapime, umeze prazikwanteli kwa uzito wako, usisubiri sindano.